Maji ya Kuchezea

Aprili imefika tena na mimi nimelowa chapachapa. Nimetoka asubuhi kwenda Pratunam, soko la nguo hapa Bangkok, kumlipia mteja wa Kariakoo mzigo wake wa magauni, hata barabara sijavuka, mtoto wa jirani kanimwagia ndoo nzima yenye mabonge ya barafu. Mama yake yuko nyuma, kashika mpira wa bustani, anacheka na kunipungia mkono, na maji yanatiririka mtaroni bila mtu kuyatupia jicho. Kuloweshwa nimeshazoea. Kilichonipandisha hasira ni ule mpira. Mtu aliyekulia Tabata akiona maji yanamwagika chini hayana ndoo, mkono wenyewe unatafuta pa kufungia, hata kama bili si yake.

Hii ndiyo Songkran, mwaka mpya wa Wathai, tarehe 13 hadi 15 Aprili, jua likiwa kali kuliko mwezi mwingine wowote. Barabara ya Silom, ambayo siku za kawaida ni ya mabenki na foleni, inajaa watu. Ushauri wangu kwa mgeni: shuka na treni ya juu kituo cha Sala Daeng, usiteremke kwanza. Simama kwenye daraja la waenda kwa miguu utazame chini. Vichwa, bunduki za maji za plastiki, na mapipa mbele ya kila duka. Wengine wana bakuli la udongo mweupe uliolainishwa, wanakupaka shavuni kwa adabu kabisa, kisha wanakumwagia. Simu iweke kwenye kile kimfuko cha plastiki cha kuning'iniza shingoni, kinauzwa kila kona. Mtaa wa Khao San nako kunawaka, ila kule ni vijana na wageni wenye kiu ya bia.

Nilimtumia wifi yangu video. Nilitegemea acheke. Akajibu kwa maneno matatu: "Ya bomba hayo?"

Ndiyo wifi, ya bomba.

Na mwezi ni huohuo! Huku mvua hazijaanza, maji yanamwagwa barabarani siku tatu. Kwetu Dar Aprili ni masika, barabara ya Jangwani imefungwa, watu wanabebwa mgongoni kuvuka, maji yameingia mpaka uvunguni mwa kitanda, halafu ukienda jikoni bomba linakohoa upepo. Unampigia simu mwenye boza huku umesimama kwenye maji ya magotini. Sisi tunayahesabu maji, dumu kwa dumu, hata yanapotufurika.

Najua mnachoandika sasa hivi. "Dada kafika Bangkok, anatuona washamba." Siringi, jamani. Mji huu naujua na kasoro zake. Mwaka 2011 mafuriko yalifika mpaka uwanja wa ndege wa Don Mueang, ndege zikasimama majini. Maji ya bomba wenyeji wengi hawayanywi, wanakwenda na chupa zao kwenye mashine za mtaani, baht moja, pesa ya huku, kwa lita. Na hiyohiyo Songkran wana siku wanaziita saba za hatari, serikali inatangaza kila siku waliokufa barabarani, wengi wakiwa kwenye pikipiki, kwa mwendo kasi na ulevi. Panda boti za mfereji wa Saen Saep uone: maji meusi, yananuka, na boti mbili zikipishana abiria wa pembeni wanavuta kamba kupandisha turubai yasiwarukie usoni. Utingo anatembea ukingoni mwa boti kavaa helmeti, anadai nauli kama vile yuko kwenye daladala la Mbagala.

Lakini boti hiyohiyo ndiyo nawaambia wafanyabiashara wetu wapande. Mtu anakuja kufunga mzigo, analala Pratunam, anakula Soi Nana kwa Waarabu, anarudi Dar akisema Bangkok hamna kitu. Gati liko hapohapo Pratunam! Mwisho wa safari ni Phan Fa, na ukitoka juu unauona Mlima wa Dhahabu wa Wat Saket, kilima kilichojengwa kwa mikono katikati ya mji, mwezi wa Novemba chini yake kuna maonyesho ya vyakula na michezo mpaka usiku. Kasri la Kifalme nalo lilianza kujengwa 1782, mwaka uleule mji ulipofanywa makao makuu. Pale mlangoni wanakagua mavazi, na hapo ndipo ninapojivunia dera langu. Wazungu wenye kaptula wanarudishwa wakanunue suruali, mimi napita kama mwenyeji. Sawa, mwenyeji anayelipa baht 500, maana Mthai anaingia bure. Usilalamike. Muulize mzungu analipa ngapi getini Serengeti na wewe unalipa ngapi.

Na wewe unayetaka kuniandikia kwamba nakwenda kwenye masanamu: nakwenda kutazama. Swala naswali msikiti wa Haroon, karibu na gati la Oriental, na huko nako ukipita utaona Uislamu wa Bangkok ni wa zamani kuliko unavyodhani.

Turudi kwenye maji. Kumwagiana barabarani ni upande mmoja tu wa sikukuu. Asubuhi familia zinakwenda hekaluni, wanamiminia sanamu za Budha maji yenye maua ya asumini, kisha wanawamiminia wazee viganjani, taratibu, mzee anatoa dua. Hiyo ndiyo asili yake, na Desemba 2023 UNESCO wakaiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Msinifundishe lakini kwamba mwaka kuuosha kwa maji ni ujuzi wa Wathai. Mama yangu ni mtu wa Makunduchi, Unguja. Mwaka Kogwa, kila Julai, wanaume wanachapana kwa migomba mpaka kinyongo kiishe, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanaimba, na bahari ipo ya kuogea. Mgeni hafukuzwi wala halipishwi, maana nyumba isiyo na mgeni siku ile inaonekana haina bahati. Nani Bangkok atakuingiza kwake akupe wali kwa sababu tu wewe ni mgeni? Hapo tumewapita, na nitasema hivyo popote.

Ila mara ya mwisho nilipokwenda, tumetoka baharini watoto kwa wakubwa, chumvi imetukaukia, mama mdogo kasimama mlangoni na kopo la rangi anatugawia maji ya kujisuuzia. Kopo moja, mtu mmoja. Mwenye nywele ndefu alijua mwenyewe.

Novemba Wathai wanafanya Loy Krathong. Wanakata shina la mgomba kipande kama sahani, wanalipamba kwa majani na maua, mshumaa na udi juu, wanaliachia lielee mtoni kumwomba radhi mama wa maji kwa kumtumia na kumchafua. Usiku uleule wafanyakazi wa jiji wanapita na mashua kuvikusanya vile vipande, wanavihesabu, idadi inatangazwa. Wanaomba radhi halafu wanafagia! Nimejaribu kufikiria sisi tukimwomba radhi Mto Msimbazi. Tungeanzia wapi? Migomba tunayo.

Kuna kaka mmoja atasema, nawasikia siku zote hawa: "Huko wana pesa, na maji ya kwetu ni ya kunywa, si ya kuchezea." Kaka, ya kunywa yenyewe tunanunua kwa katoni. Mto Ruvu unaotupa maji Dar haujahamia Thailand, mvua tunazo misimu miwili, na bili inafika kila mwezi bila kukosa, hata mwezi ambao bomba halikutoa tone. Kwa hiyo usinielekeze nitosheke na ya kunywa. Mimi nataka ya kuchezea. Nataka Julai mama mdogo atandike mpira uani, sisi tumetoka baharini, wenye nywele ndefu waoge kwanza, na lile kopo alirudishe kwenye rangi.