Nilizidisha nguvu mara 1,000 na bado chombo kikaanguka

Jamani, ile klipu mnayorushiana tangu jana usiku ni yangu. Chombo kinachoungua ni changu, na ile sauti inayosema "tulieni, hii ndiyo fizikia halisi" ni yangu pia. Ila yale maelezo ya swahiba wangu chini ya klipu, eti "kaweka injini ya ioni ya kweli, haina nguvu, kaanguka", hayo siyo. Klipu imekatwa kabla ya swali lililonimaliza. Ukweli ni mbaya zaidi, na afadhali niutoe kwa mdomo wangu.

Mnaocheza Kerbal Space Program, gemu ya kuunda na kurusha roketi, mnajua ubishi wenyewe: injini ya ioni ya gemu imepewa nguvu kupita ya kweli. Injini ya ioni ya kwenye gemu (inasukuma kwa kutupa nyuma gesi iliyochajiwa umeme), ile iitwayo Dawn, inatoa msukumo wa kilonyutoni 2 kwa Isp, kipimo cha ubanaji wa mafuta, ya sekunde 4,200. Sasa chombo cha kweli cha Dawn, kile cha NASA kilichorushwa 2007 kikazunguka asteroidi Vesta halafu sayari kibete Ceres, injini yake ilitoa kama milinyutoni 90 kwa Isp ya sekunde 3,100. Milinyutoni 90 ni karatasi mbili hivi za A4 zimelala kiganjani. Ya gemu inaizidi zaidi ya mara 22,000! Piga hesabu ya umeme, nusu ya msukumo mara kasi ya gesi inayotoka, utaona injini ya gemu ingedai megawati 41, hapo hujahesabu upotevu. Paneli za Dawn ya kweli zilitoa kilowati 10 zikiwa umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua.

Basi mimi ndiye yule anayewaita wenzake wavivu kwa kutumia hiyo ya kilonyutoni 2. Jana nikasema nawaonyesha. Nikaandika kiraka cha ModuleManager, programu-nyongeza ya kubadili vipimo vya gemu (faili la asili haliguswi, nyie wageni sikieni) chenye mistari miwili tu ya maana. Isp nikaweka 3,100. Kwenye maxThrust, yaani msukumo wa juu kabisa, nikaweka 0.09. Hiyo namba ishikeni.

Chombo tani 1.2, karibu sawa na Dawn yenyewe. Paneli sita za jua, gesi ya zenoni ya kutosha, obiti ya kilomita 100 juu ya Kerbin, ile sayari ya gemu. Nikashea skrini, watu 11 wanatazama. Nikaelekeza pua mbele, nikaiambia SAS, rubani wa kujiendesha, ishike mwelekeo uleule, nikafungua gesi hadi mwisho. Muda nikauharakisha mara 4, kwa sababu ndiyo kikomo injini ikiwa inawaka. Ukitaka zaidi gemu inakukatalia. Ndiyo sababu kubwa ya watengenezaji wa gemu kuipa injini nguvu za miujiza: nani atakaa kwenye kiti miezi?

Apoapsisi (ncha ya juu ya obiti; ya chini ni periapsisi) ikaanza kupanda. Kilomita 105. 112. Ikavuka 120. Nikatoa mikono kwenye kibodi kwa madaha, nikaegemea kiti. "Mnaona? Mnasema haiwezekani. Ni uvumilivu tu." Tukaingia gizani nyuma ya sayari, dakika kama 11 katika kila mzunguko wa dakika 33, na injini haikuzima. Msukumo ukishuka, umeme unaotumika unashuka nao, kwa hiyo betri zilitosha kabisa. Laiti zisingetosha.

Mimi nipo kwenye mhadhara. Nilikuwa nawahadithia chombo cha NASA cha Deep Space 1, jinsi injini yake ilivyojizima baada ya dakika 4 na nusu tu ilipowashwa Novemba 1998, nikafika kwenye uchafu ulioshukiwa kunasa katikati ya nyavu zake, mtu mmoja akasema taratibu, "Kaka, periapsisi inashuka."

Nikasema tulieni. Hapo ndipo klipu inapoanzia.

Periapsisi 88. Nikaendelea na nyavu. 76. "Kaka." 69. Angahewa ya Kerbin inaanzia 70, wacheza gemu mnaijua hiyo namba kama tarehe ya kuzaliwa. 58. Hapo nikaacha kuongea. Nikaitazama pua ya chombo, na ndipo nikaelewa, polepole, kama mtu anayekumbuka ameacha jiko linawaka. SAS ilikuwa imeshika mwelekeo uleule, yaani inaitazama nyota ileile. Chombo kinazunguka sayari, pua haigeuki nacho. Robo ya kwanza ya mzunguko nimesukuma mbele. Nusu inayofuata msukumo uleule umekuwa breki. Kila mzunguko wa namna hiyo unaivuta obiti iwe yai, na ncha moja ya yai inazama. Nilitakiwa kubonyeza alama ya kufuata mwendo, kitufe kimoja, nipande kwa mzunguko kama ngazi za mnara. Kitufe kiko hapo hapo kando ya mpira wa mwelekeo, cha kijani.

Nikakibonyeza. Periapsisi imeshafika 40. Kasi nayoongeza ni mita 0.075 kwa sekunde kila sekunde. Sekunde 100 za kuomba Mungu zinakupa mita 7 na nusu. Paneli ya kwanza ikang'oka. Ya pili. Kimya kwenye maiki, watu 11 hakuna anayekohoa. Ya tatu na ya nne zikaondoka pamoja. Kisha mwanga wa chungwa.

Klipu imeishia hapo. Halafu mtu ambaye hajawahi kusema neno tangu ajiunge akafungua maiki: "Samahani kaka, nauliza tu. Tani 1.2 kwa milinyutoni 90, apoapsisi imepandaje kilomita 20 ndani ya dakika chache? Na umeme wa kutupa gesi kwa nguvu hiyo ni wa paneli sita?"

Nikafungua faili, skrini bado naishea (usiulize kwa nini). maxThrust = 0.09. Gemu inasoma kilonyutoni. Nyutoni 90, si milinyutoni 90. Gesi inayotupwa ina nguvu ya karibu megawati 1.4. Ilitakiwa 0.00009, sufuri tatu zimebaki kwenye vidole vyangu. Kwa hiyo sikuangushwa na injini dhaifu, ndugu zangu. Nilikuwa nadanganya mara 1,000, nimewaita wavivu, na bado nikaanguka.

Nimeaga, nimezima, nimelala saa nane. Leo nimeweka namba sahihi na programu-nyongeza ya Persistent Thrust, inayoruhusu injini kusukuma muda ukiharakishwa. Kutoka obiti ile na kuiacha Kerbin kwa kuzunguka taratibu kunataka nyongeza ya kasi ya kama mita 2,250 kwa sekunde, siyo 930 za roketi ya kawaida, maana hupati faida ya kusukuma kwa nguvu ukiwa chini. Karibu siku 347 za saa 24. Pua inafuata mwendo, nimeangalia mara nne.

Swahiba naye ameshapata habari ya lile swali. Tangu asubuhi jina langu kwenye kundi ni Kilonyutoni.