Dhambi, Unyanyapaa na Dodoso la Kauli 18

Dodoso linalotumika sana kupima unyanyapaa dhidi ya wanawake waliotoa mimba lina kauli 18. Liliandaliwa na watafiti wa Ipas, shirika la kimataifa la afya ya uzazi, likajaribiwa Ghana na Zambia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Baadaye watafiti wengine walilirekebisha ili litumike kwa wanafunzi wa sekondari magharibi mwa Kenya. Unasomewa kauli, unaeleza unakubali au unakataa kwa kiasi gani, kisha alama zinajumlishwa. Zikiwa nyingi, unahesabiwa kuwa na unyanyapaa mwingi.

Ugomvi kati ya watu wa dini na watafiti unaanzia kwenye kauli zenyewe. Moja inasema mwanamke anayetoa mimba anatenda dhambi. Nyingine inasema ningemnyooshea kidole ili watu wajue alichofanya. Ipo pia inayodai kwamba mwanamume akilala naye ataambukizwa ugonjwa. Zote zinatiwa kapu moja. Mama wa Moshi au Lamu anayeamini kabisa kuwa ni dhambi, lakini ndiye atakayempeleka mdogo wake hospitali usiku na kumpikia uji akirudi, naye anaongezewa alama za unyanyapaa.

Hapo watu wa dini wana hoja, na watafiti wengi huipita haraka mno. Kusema jambo ni baya si sawa na kumtenga aliyelifanya. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliwaruhusu mapadri wote waendelee kuwaondolea dhambi hiyo wanaoiungama, huku akisisitiza kuwa ni dhambi kubwa. (Ni kweli pia kwamba sheria ya Kanisa bado inaiwekea adhabu ya kutengwa, kwa hiyo mpaka huo hata kanisani haujanyooka.) Katika Uislamu, wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani kuhusu hukumu ya kutoa mimba kabla ya siku 120, wakati roho inapopulizwa. Ukimwambia mtu wa namna hii kwamba imani yake ni ugonjwa wa kutibiwa, hatakusikiliza tena hata unapozungumzia damu inayomtoka binti yake.

Lakini upande wa pili nao hausemi ovyo. Watafiti wanajibu kwamba katika maisha ya kila siku hukumu na matendo haviachani kirahisi. Muuguzi anayeamini kuwa aliyelala pale kitandani ni mwenye dhambi anaweza kumwacha asubiri hadi mwisho, akamsema mbele ya wagonjwa wengine, au akataka kujua mume yuko wapi kabla hajagusa dawa. Mwanamke aliyewahi kusikia habari hizo haendi hospitali mapema. Anakwenda hali ikishakuwa mbaya, na wengine hawafiki.

Mimi naona dawa ya ugomvi huu imo ndani ya dodoso lenyewe. Kauli zake zimegawanywa katika mafungu matatu: fikra mbaya kuhusu mwanamke huyo (humo imo kauli ya dhambi), kumtenga na kumbagua, na hofu ya kuambukizwa. Yaripotiwe mafungu hayo, jumla iwekwe pembeni. Mtaa wenye alama nyingi kwenye dhambi na chache kwenye kutenga unahitaji mazungumzo tofauti kabisa na mtaa ambao watu wanaogopa kuambukizwa.

Aibu hiyohiyo ndiyo inayovuruga hesabu ya mimba zinazotolewa. Tanzania, Kanuni ya Adhabu inaweza kumfunga mwanamke miaka 7 na aliyemtoa mimba miaka 14. Nani atamjibu kweli mgeni aliyeshika karatasi? Kwa hiyo watafiti huzunguka. Baadhi humuuliza mwanamke kuhusu wasiri wake badala yake mwenyewe, wakijua kwamba hata msiri haambiwi yote. Wengine huanzia kwa waliotibiwa. Makadirio ya Tanzania ya mwaka 2013 yalikuwa mimba 405,000 zilizotolewa, huku wanawake 66,600 wakitibiwa madhara yake katika vituo vya afya. Yaani kwa kila aliyetibiwa, takriban mimba sita zilizotolewa. Kizidisho hicho hutegemea sana maoni ya wataalamu wa afya waliohojiwa. Kingekuwa tano, jumla ingekuwa 333,000. Kingekuwa saba, 466,200. Wapinzani wa utoaji mimba wanaosema takwimu hizi ni za kukisia wana haki ya kuuliza, ila wakumbuke kwamba vitisho vya jela na fedheha, ambavyo wengi wao wanavitetea, ndivyo vinavyofanya hesabu ya moja kwa moja ishindikane.

Jambo moja sioni pande hizi zikiligombania. Katika kauli zote 18, mwanamume anatajwa mara mbili: yule asiyepaswa kumwoa mwanamke huyo kwa kuwa huenda hatazaa, na yule atakayeambukizwa. Aliyempa mimba, pengine akamtumia pesa ya vidonge kwa simu kisha akazima laini, hana kauli hata moja. Dodoso linapima jinsi jamii inavyomtazama mwanamke, na katika hilo limeiga jamii yenyewe mno.