Mgonjwa asiachiwe peke yake kazi ya kuwaambia ndugu

Mtu akielezwa kwamba saratani yake huenda imetokana na kasoro aliyoirithi, habari hiyo inawahusu pia wazazi wake, ndugu zake na watoto wake. Mzazi mwenye kasoro katika jeni ya BRCA1 au BRCA2, ambayo ikiharibika huongeza hatari ya saratani ya titi na ya ovari (vifuko vya mayai ya uzazi), ana uwezekano wa asilimia 50 wa kumrithisha kila mtoto, awe wa kike au wa kiume. Hata hivyo, ushauri kuhusu kasoro hizi za kurithi hutolewa kwa mtu mmoja tu, kisha mtu huyo huombwa akawaambie wengine. Nikiwasikiliza akina mama wa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambao jambo hili limewafikia, ninazidi kuamini kwamba tunawatwisha mzigo wa pili kabla hawajautua wa kwanza.

Mmoja wao anaishi Kadutu. Dada yake alitibiwa saratani ya titi Ubelgiji, akapimwa, akapewa barua ya kuwatumia ndugu zake. Barua ilifika kwa simu, imeandikwa kwa Kifaransa cha madaktari, na mama huyu, ambaye amesoma hadi diploma, aliielewa sentensi kwa sentensi bila kujua afanye nini nayo. Alipowaeleza wakubwa wa familia, swali la kwanza la baba yake mkubwa lilikuwa kuhusu mama mzazi: huyu mwanamke tulimtoa wapi na ukoo wao una ugonjwa gani? Hakuna aliyemtaja shangazi, dada wa baba, aliyefariki kwa ugonjwa wa titi kabla ya kutimiza miaka 40.

Baadaye alipata nafasi ya kuzungumza kwa simu na mshauri aliyemhudumia dada yake. Waliandika mchoro wa ukoo wa vizazi vitatu: duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume, mstari wa mshazari juu ya aliyefariki, na kando yake umri aliougua. Alipoombwa kutaja upande wa baba, shangazi yule akaingia kwenye karatasi, na baada yake bibi aliyesemwa siku zote kuwa "alikufa kwa tumbo", maneno ambayo kwetu yanaweza kuficha hata saratani ya ovari. Karatasi hiyo ndiyo iliyomwondolea mama mzazi lawama, kwa kuwa ilionyesha wazi kwamba wanaume nao hurithisha jeni hizi hata kama wao wenyewe hawajaugua. Kwangu mimi, hilo lina thamani kubwa kuliko maelezo mengi ya maabara.

Tarakimu nazo zinahitaji mtu wa kuzifafanua kwa utulivu. Saratani nyingi za titi hazirithiwi. Zinazotokana na kasoro kama hizi ni kati ya 5 na 10 katika kila 100. Lakini kwa mwanamke mwenye kasoro ya BRCA1, uwezekano wa kupata saratani ya titi kabla ya miaka 80 hukaribia asilimia 70, na wa ovari asilimia 40 na kitu. Akisikia hivyo bila maelezo, anarudi nyumbani akijihesabu amekwisha kufa. Tena kuna majibu yasiyosema ndiyo wala hapana, ambayo huwapata Waafrika mara nyingi zaidi kwa sababu hazina za taarifa za jeni ambazo majibu hulinganishwa nazo zimejaa taarifa za watu wa asili ya Ulaya. Mgonjwa aambiwe uwezekano huo kabla ya kutolewa damu.

Ninachokiomba ni kikao cha pili, pamoja na ndugu ambao mgonjwa mwenyewe amewachagua, kwa Kiswahili au Mashi, ambapo mshauri ndiye anayesema. Nasisitiza kuchagua, kwa maana binti anayetafutiwa mchumba ana sababu halali ya kuhofia ukoo wa wakwe. Katika kikao hicho ukweli usemwe wote: kwamba wenye kasoro ya BRCA1 hushauriwa kuondolewa ovari na mirija ya uzazi kati ya miaka 35 na 40, wakishamaliza kuzaa, kwamba uchunguzi wa titi hurudiwa kila mwaka, na kipi kinapatikana Bukavu, kipi kinadai safari, na nani atailipia.

Watu wa kuanza nao tunao. Washauri wa virusi vya ukimwi wamezoea kuzungumza na mtu kabla na baada ya kipimo, na Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ina akina mama wanaowasindikiza wagonjwa hatua kwa hatua. Wafundishwe kuchora ukoo wa vizazi vitatu, na swali kuhusu dada za baba liulizwe mapema, kabla familia haijaanza kumtafuta wa kulaumiwa.