Nyerereaiti na ubishi wa chimbuko la lava ya Lengai

Kuna madini yenye jina la Mwalimu Nyerere ambayo ukiyaacha nje masika moja, hutayakuta. Yanaitwa nyerereaiti, kaboneti ya sodiamu na kalsiamu, na nyumbani kwake ni Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai, kusini mwa Ziwa Natron. Pacha wake ni gregoriaiti, iliyopewa jina la J. W. Gregory, mwanajiolojia Mwingereza aliyelichunguza Bonde la Ufa.

Chukua kipande chembamba cha lava mbichi ya mlima huu ukiweke chini ya hadubini. Nyerereaiti imekaa kama vibao bapa, gregoriaiti imeviringana kama mbegu, na katikati yake kuna chembe ndogondogo za chumvi na floraiti. Lava yenyewe hutoka nyeusi kama lami, kwa nyuzijoto 500 hadi 600 hivi, yaani nusu ya joto la lava ya basalti, na hutiririka upesi. Ikikutana na unyevu wa hewa huanza kupauka, na baada ya saa au siku chache ni nyeupe. Karibu theluthi ya uzito wake ni oksidi ya sodiamu. Kwa lugha ya jikoni, ni binamu wa magadi.

Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hii. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya mlima wenyewe imejengwa kwa fonolaiti na nefelinaiti, miamba ya silika, kiambato kikuu cha mchanga. Tangu mwanajiolojia J. B. Dawson alipotangaza lava hii mwaka 1962, swali ni moja: magadi haya yanatokaje kwenye mlima wa silika?

Jibu la kwanza ni la mchuzi uliopoa. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ikiwa ni ya silika yenye sodiamu nyingi na hewa ukaa nyingi, ikipoa na kupanda, hufika mahali haiwezi tena kubaki kitu kimoja. Kaboneti hujitenga na silika kama mafuta yanavyojitenga na maji. Ushahidi wake hauhitaji kukisiwa. Ndani ya fuwele za nefelini, madini ya silika ya mlima huu, kumenaswa vitone vya kioo cha silika vyenye vitone vidogo zaidi vya kaboneti, vyote vimefungiwa pamoja. Na katika mlipuko wa 1993, lava ya kaboneti ilibeba viduara vya silika.

Jibu la pili ni la mabwawa ya chumvi. Maji ya bahari yakikauka, chokaa na jasi hutua kwanza, na maji yanayobaki huzidi kuwa makali kwa chumvi. Vivyo hivyo, magma ya kaboneti yenye sodiamu ya wastani ikiangusha fuwele za kalsaiti (kaboneti ya kalsiamu) na apataiti (fosfati ya kalsiamu), kimiminika kinachosalia hujaa sodiamu mpaka nyerereaiti na gregoriaiti zianze kujijenga. Wenye hoja hii huuliza swali zito: kama kujitenga peke yake kunatosha, mbona kabonataiti, yaani miamba iliyotokana na magma ya kaboneti, karibu zote duniani ni za kalsiamu na magnesiamu?

Wapo wanaojibu kwamba nyingi kati ya hizo nazo zilikuwa na sodiamu, ila maji yaliisafisha. Wanaonyesha volkano za Tinderet, Kenya, na Kerimasi, jirani kabisa wa Lengai, ambako kuna kalsaiti iliyoshika umbo la vibao vya nyerereaiti. Hoja hii ina nguvu, lakini ina hatari pia. Ukisema kila ushahidi uliokosekana ulioshwa na mvua, hakuna anayeweza kukupinga. Na hapo hapo Kerimasi, wengine wamesoma kalsaiti kuwa iliganda hivyo tangu mwanzo, bila kuwa nyerereaiti kamwe.

Mimi naamini kujitenga kwa vimiminika viwili ndiko kuliko mwanzo wa lava ya Lengai, kwa sababu vile vitone ndani ya nefelini siwezi kuvieleza vinginevyo. Lakini sodiamu kufikia kiwango kile, naona fuwele zilisaidia baadaye. Kuichukua Lengai kuwa kipimo cha kabonataiti zote ni kuvuka mpaka.

Jambo hili si la maabara tu. Njia ambayo magma ilipitia ndiyo huamua madini adimu yanakusanyikia wapi, na Ngualla, mkoani Songwe, ni kabonataiti yenye hazina hiyo. Tena, Septemba 2007, magma ya nefelinaiti ilipopanda na kuchanganyika na kaboneti, hewa ukaa ilifumka na mlima uliokuwa ukitiririsha lava polepole tangu 1983 ukarusha majivu angani hadi 2008.

Sasa lava nyeusi imerudi kwenye sakafu ya kreta, shimo la kileleni, na fuwele mpya zinaganda. Anayezitaka azifungie kwenye chombo kikavu kisichopitisha hewa, kabla umande haujazifikia.