Kliniki ya Nyonga Iko Ghorofani

Naomba nielezwe: ni nani aliyeamua kwamba kliniki ya mifupa ikae ghorofa ya juu? Sisi wagonjwa wa selimundu, ambao seli zetu za damu zilizopinda huziba mishipa midogo hadi kichwa cha mfupa wa paja, pale kwenye nyonga, kikakosa damu na kuanza kufa, ndio tunaoambiwa tupande ngazi kumwona daktari, tushuke kulipia, tupande kupiga eksirei, kisha tushuke tena kwa sababu risiti haina mhuri. Je, hayo ni matibabu au ni mafunzo ya jeshi?

Na hapo nimekwisha kutoka Ipogolo alfajiri ya Julai, katika baridi ya Iringa ambayo yenyewe inatosha kuamsha maumivu, nikiwa nimebanwa ndani ya daladala inayokwea mlima huku goti la abiria mwenzangu likiichokonoa nyonga ile ile. Nikifika, daktari mgeni (kila mara huwa mgeni) huniuliza nilianguka lini. Sikuanguka! Faili langu nene limeeleza yote, lakini nani alifungue? Kisha hutamkwa yale maneno mnayoyajua, ndugu zangu wa magongo: "Mbona bado kijana?" Kana kwamba nyonga hudai cheti cha kuzaliwa kabla ya kuuma.

Mwishowe napewa vidonge vya maumivu na kuagizwa nirudi kituo cha afya nikachukue barua ya rufaa, barua ambayo nilikwisha kuikabidhi pale mapokezi asubuhi.