Mpango wa hifadhi ya Mafia uwaite na watu wa Rufiji

Nimezaliwa Mafia, na nina ushauri kwa siku mpango wa usimamizi wa hifadhi yetu ya bahari utakapopitiwa upya. Naishi California, Marekani, pembeni ya ghuba ya Monterey, iliyotangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1992. Mpango wake wa usimamizi wa 2008 ulianza kupitiwa 2015, na mpya ukatoka 2021. Sheria ya Marekani inataka mapitio kila miaka mitano, kwa hiyo kuchelewa si ugonjwa wa kwetu peke yetu.

Ninalolitamani la huku Monterey ni baraza la kuishauri hifadhi. Wavuvi wamo, wapiga mbizi wamo, na mkulima ana kiti chake. Mkulima kwa sababu bonde la Salinas limejaa mashamba ya mboga, na mbolea na dawa zinazosombwa na maji huishia ghubani.

Sasa tazama kwetu. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ndiyo ya kwanza Tanzania, 1995; mpango wa kwanza ulikuja 2000, ukarekebishwa 2011. Vijiji vya ndani ya mpaka, kama Jibondo, Chole na Juani, vinatambuliwa kisheria. Lakini papa potwe wanaotuletea wageni hukusanyika upande wa Kilindoni, nje ya mpaka, wakifuata uduvi. Na maji ya upande ule hupata tope na rutuba kutoka Rufiji, mto ulioanza kujaza bwawa la Julius Nyerere Desemba 2022. Bwawa huzuia tope. Basi mpango utakaopitiwa bila watu wa delta ya Rufiji na wasimamizi wa bwawa mezani utakuwa umeiacha nusu ya bahari yetu.

Kuna tofauti moja nzito. Monterey, kanuni za uvuvi kwa kawaida hutungwa na mamlaka nyingine, si hifadhi. Kwetu mpango wa hifadhi ndio unaogusa uvuvi: mvuvi wa Jibondo akionyeshwa ramani yake, mstari uliochorwa pale ni chakula cha watoto wake jioni ile. Ndiyo maana nataka asikilizwe zaidi kuliko anavyosikilizwa mvuvi wa huku. Mkutano usiwekwe siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, kina mama wakiwa mwambani wanachokoa pweza. Uwekwe maji mafu, yanapokupwa kidogo. Kisha kila hoja ijibiwe kwa maandishi, kwa Kiswahili, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji: hii tumeikubali, hii tumeikataa, na sababu ni hizi.