Nyama za puani: kisu, dawa na umbali wa Kigoma

Mkazi wa Kigoma asiyesikia tena harufu ya dagaa wanaoanikwa Kibirizi, wala ya mawese yanayochemka jikoni kwake, kwa kawaida huambiwa kuwa ana mafua tu. Mafua yakivuka wiki 12, pua ikaziba pande zote mbili na uso ukawa mzito, yawezekana ana uvimbe sugu wa sainasi, yaani matundu ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso, pamoja na vinyama laini ambavyo wengi tunaviita nyama za puani. (Kinyama kilichoota upande mmoja pekee ni jambo jingine, na hakipaswi kusubiri: lazima kichunguzwe, kwa kuwa kinaweza kuwa saratani.)

Wanaotetea upasuaji wana hoja nzito. Tangu miaka ya 1980 umeenea upasuaji unaofanywa kwa kamera nyembamba inayopitishwa tunduni mwa pua, bila kuchana uso, na faida yake kubwa, kwa maoni yangu, si kuondoa nyama bali ni kufungua njia, kwa sababu dawa ya kupuliza ya steroidi (dawa inayotuliza uvimbe) na maji ya chumvi ya kusafishia pua haviwezi kufika mahali palipozibwa kabisa. Aidha, mgonjwa anayepumua baada ya upasuaji anaweza kuepushwa na kurudia vidonge vya steroidi vya prednisolone, ambavyo hupunguza nyama kwa muda lakini vikizoeleka hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na, katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu, vinaweza kuamsha maradhi yaliyolala.

Hata hivyo, kisu hakiondoi chanzo. Utafiti wa Ubelgiji uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia wagonjwa kwa miaka 12 baada ya upasuaji: karibu 8 kati ya 10 nyama zilirudi, na zaidi ya theluthi moja walipasuliwa tena. Mwaka 2022 Waholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 238, baadhi wakipewa upasuaji pamoja na dawa, wengine dawa pekee. Baada ya mwaka mmoja kundi la upasuaji lilikuwa na nafuu zaidi, lakini kwa takriban alama 5 tu katika kipimo cha dalili chenye alama 110, ilhali mgonjwa huanza kuhisi tofauti yenye maana kwenye alama 9 hivi. Madhara makubwa, kama kuumia jicho au kuvuja kwa maji ya ubongo, ni nadra, ila yapo.

Matokeo hayo ya Uholanzi yananifikirisha sana, kwa kuwa ni rahisi kuyasoma vibaya tukiwa huku. Wagonjwa wale waliobaki na dawa walikuwa na daktari wa kuwaona na dawa ya kupuliza mwezi hadi mwezi. Wetu wengi hununua matone ya kufungua pua, ambayo yakitumika kwa zaidi ya siku chache huizidishia pua kuziba, kisha wanahesabiwa kuwa dawa zimewashinda. Hao hawajatibiwa kwa dawa bado, na kuwakimbiza kwenye chumba cha upasuaji ni kuwaonea. Lakini uhaba huohuo wa dawa unaugeukia upasuaji pia: mtu anayesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli hadi Dar es Salaam, akapasuliwa, kisha akarudi Ujiji bila dawa ya kupuliza na bila wa kumkagua pua, amefunguliwa njia ambayo hakuna kitakachopita ndani yake.

Sindano mpya za kutuliza uvimbe huo, kama dupilumab iliyoidhinishwa Marekani kwa maradhi haya mwaka 2019, zina bei inayoziweka mbali na mkulima wa Kasulu.

Kwa hiyo naunga mkono upasuaji kwa aliyetumia dawa ya kupuliza ipasavyo kwa miezi kadhaa bila nafuu, hasa mwenye pumu ambaye pua iliyoziba humzidishia taabu ya kifua. Na barua yake ya rufaa itaje dawa alizotumia na muda wake, pamoja na mahali atakapoipata dawa ya kupuliza akisharudi nyumbani.